Fomu ya Mwisho ya Mzee Bado

Haya, mwana-bomba mwenzangu, weka kikombe chini usome hii mpaka mwisho, maana mwisho wake unakuhusu. Ijumaa hii, tarehe thelathini Juni, saa kumi jioni, mtunza stoo wetu anafunga mlango wa stoo kwa mara ya mwisho. Ameitumikia ofisi hii ya maji miaka thelathini na mitatu. Mimi mwenyewe sijafikisha hata hiyo tangu nizaliwe.

Jina lake liko kwenye orodha ya mishahara, lakini huku kwetu ni Mzee Bado, na jina hilo kalifanyia kazi. Ukiomba feni mpya, bado. Ukiomba kiti cha kuzunguka kama cha benki, bado, halafu anakutazama juu ya miwani mpaka unakumbuka kwamba kiti chako hakina kosa, wewe ndiye umekichoka.

Alianza kwa kusoma mita. Miaka sita alitembea na daftari kwapani, akang'atwa na mbwa wawili, na mpaka leo yeye anamtetea mmoja wao. Alipohamishiwa stoo alikuta mabomba yamelala na viti vilivyovunjika, na watu wanaomba koki mpya wakati koki zilezile zimejaa kwenye maboksi chini ya meza. Mwezi mmoja tu, akawa anajua kila kitu kilipo hata umeme ukikatika.

Ndipo akatunga ile fomu. Nusu karatasi, maswali mawili. Kifaa kinashindwa kazi gani? Kikiondoka kinakwenda wapi? Chini kuna sahihi, na sheria moja ambayo hajawahi kuilegeza: aliyeomba hasaini. Kuna meneja aliwahi kuomba mapazia mapya ya chumba cha mikutano, akajisainia mwenyewe. Fomu ilimrudia siku hiyohiyo ikiwa na mstari ulionyooka chini ya ile sheria. Pesa ya mapazia ikanunua pampu ya akiba ya tangi la juu. Mwaka uliofuata pampu kubwa ikaungua, na hospitali ya mlimani ikakosa maji asubuhi moja tu, mchana yakarudi. Mapazia hayajatajwa tena.

Msije mkasema ni bahili. Buti na glavu za mafundi hazijawahi kupita kwenye fomu, unaonyesha iliyotoboka unapewa nyingine. Na kuna siku alikosea, na habari hiyo anaisimulia mwenyewe kwa kila mwajiriwa mpya bila kujipamba. Keshia wa dirisha la pili aliomba kiti mara tatu. Mzee akaenda, akakitikisa, kikasimama vizuri, akaandika bado. Mara ya tatu keshia mwenyewe alisema basi, mgongo utazoea. Haukuzoea. Siku moja alishindwa kunyanyuka, wakamshika huku na huku kumpeleka nyumbani. Jioni ile mzee alimbebea kiti kipya mpaka sebuleni kwake akamwomba radhi mbele ya watoto wake. Kesho yake fomu ilikuwa na swali jipya katikati: Nani anaumia wakati tunasubiri?

Sasa tuje kwenye zawadi. Kamati ya kumuaga ilipokusanya michango, mimi ndiye niliyepiga kelele kuliko wote: kompyuta mpya. Ile ya nyumbani kwake inajulikana, ni ya zamani kiasi kwamba ukiitaja mafundi wenzangu wanaivulia kofia. Jumamosi nikachukua bisibisi nikaenda kuikagua, nijue mpya iwe ya namna gani.

Mke wake ni fundi cherehani, anafanyia kazi chumba cha mbele. Vipimo vya wateja wake wote, sare za shule mpaka magauni ya harusi, vimo ndani ya kompyuta hiyo. Nikapiga hodi, nikamwamkia. "Marahaba mwanangu, pita, ila usiiguse kwanza, inaamka." Nikatoa simu nikaanza kuhesabu. Dakika kumi na mbili. Muda wote huo mteja mmoja kasimama katikati ya chumba na kitambaa chake mkononi, anatazama saa, anatazama mlango.

Mzee akarudi kutoka dukani. "Umeiona? Inawaka vizuri kabisa," akaniambia. Nikavuta mashine niangalie feni yake, na nyuma, kwenye vumbi, ikaanguka bahasha. Ndani mlikuwa na fomu nne. Fomu zetu hizihizi za stoo, kila mwaka moja. Kifaa: kompyuta ya nyumbani. Kinashindwa kazi gani: hakishindwi, kinachelewa. Nani anaumia: hakuna. Uamuzi: bado. Aliyeomba, yeye. Aliyesaini, yeye.

Mama akazichukua, akazisoma zote nne taratibu, futi ya kupimia imemning'inia shingoni. Wala hakupandisha sauti. "Mume wangu, huko kazini kwenu siku hizi anayeomba ndiye anayesaini?"

Mzee akaanza kutafuta miwani. Alikuwa ameivaa.

Mama akachukua chaki ya bluu ya kuchorea nguo, akakata neno "hakuna", juu yake akaandika "mimi". Akafanya hivyo kwenye zote nne.

Mimi nilikuwa nasubiri ile bado. Haikuja. Mzee alikaa kwenye kiti cha wateja akauliza, "Tangu lini?"

"Tangu fomu ya kwanza. Wateja watatu wameshahamia kwa yule fundi wa kona. Yule vipimo vyake viko kwenye simu, anavifungua hujamaliza kuvua viatu."

Nikaifungua mashine palepale. Nilikwenda kuizika, nikakuta bado inapumua. Diski imechoka na kumbukumbu ni ndogo, basi. Nikibadilisha hivyo viwili itaamka chini ya dakika moja, na mchango utakaobaki unatosha kununua mota ya cherehani, maana mama bado anakanyaga kwa miguu na goti la kulia limeanza kulalamika. Itadumu miaka miwili, pengine mitatu, siapi. Au tununue mpya kabisa, itadumu zaidi ya hapo, vipimo nitamhamishia vyote mwenyewe, ila goti liendelee kukanyaga.

Mama akasema ipatikane mpya, goti litazoea.

Mzee akasema keshia naye alisema hivyohivyo.

Wakatazamana. Mzee hataki kusaini, kwa sababu yeye ndiye aliyeomba. Mama naye hawezi, ndiye anayeumia. Kwa hiyo Jumatatu asubuhi mzee alikuja na fomu ya tano, akaibandika kwenye mlango wa stoo kwa gundi ya karatasi, akaingia kuhesabu koki kama siku nyingine yoyote. Swali la pili amelijibu kwa mkono wake: mke wangu.

Mzee wetu, asante. Maji yalitoka kwenye mabomba ya watu kwa sababu ulikataa mapazia. Umetufundisha kuuliza kabla ya kununua, na Jumamosi ile ukanifundisha kuuliza tena hata pale jibu lilipokwisha kuandikwa. Nenda kapumzike ukiwa na afya, chai yako iwe ya moto, mama apate wateja mpaka wapange foleni, na mbwa wa mtaani wakujue kwa sura. Stoo tutailinda.

Sasa wewe, mwana-bomba. Fomu iko mlangoni, ina pande mbili, mpya na kuifufua, na kalamu nimeifunga kwa uzi isipotee. Nafasi za sahihi ziko wazi mpaka Ijumaa saa sita mchana, upande wenye sahihi nyingi ndio kamati itakaoununua. Ukisema mpya, jibu na swali la tatu, ile ya zamani inakwenda wapi. Ukisema tuifufue, kumbuka miaka miwili si mingi. Na usiandike bado, hiyo anastaafu nayo. Ungekuwa wewe, ungesaini wapi?