Mwalimu Anuari na Kifuniko cha Mustang

Tarehe 31 Agosti mwaka huu Mwalimu Anuari Rajabu Sefu anatimiza miaka sitini na kukiaga Chuo cha Ufundi wa Magari cha Msalato, alichokitumikia tangu mwaka 1994. Walimu wengi wa karakana waliwahi kuwa wanafunzi wake, na baadhi yao bado husimama anapoingia. Kila jambo lililoandikwa hapa limehakikiwa kwa watu wasiopungua wawili. Waliposema tofauti, tumefuata kauli ya Mwalimu mwenyewe, isipokuwa kuhusu matokeo ya mechi za walimu na wanafunzi.

Alizaliwa Chang'ombe, hapa hapa Dodoma, nyuma ya duka la spea la marehemu baba yake. Alianza kazi chuoni kama fundi msaidizi, akaenda kusoma, akarudi kuwa mwalimu wa injini na baadaye mkuu wa karakana. Wasichana wa kwanza kusomea injini chuoni aliwapokea yeye. Alipoulizwa kama wataweza kunyanyua giaboksi, alijibu kwamba hata wanaume hawainyanyui, wanatumia jeki.

Lakini hakuna atakayemkumbuka Mwalimu bila kulikumbuka gari la Kimarekani. Ni Ford Mustang ya mwaka 1969, usukani kushoto, iliyoachwa mjini na mhandisi mmoja aliyerudi kwao, kisha ikatolewa kwa chuo na familia iliyobaki nayo. Ililetwa juu ya lori, kuku wakiwa wameshataga kwenye kiti cha nyuma. Kwenye kifuniko cha tangi la mafuta, katikati ya taa za nyuma, palikuwa na herufi mbili: GT.

Kwa wasiofuatilia magari, Mustang za mwaka ule zilitoka kwa madaraja, kama tunavyoona Land Cruiser za hapa mjini, hii GX, ile VX. Madaraja mawili ndiyo yaliyogawa chuo wakati wa chai ya saa nne: GT na Mach 1. Mach 1 ilikuja na boneti nyeusi isiyong'aa, pini za kuifungia, mistari mirefu ubavuni na viti vya kifahari. GT ilitosheka na mistari chini ya milango. Zote mbili zilikuwa na springi ngumu, na mnunuzi aliweza kuchagua injini zilezile.

Mwalimu alikuwa wa GT. Upande wa Mach 1 uliongozwa na Shamila, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho asiyeogopa mtu.

"Mwalimu, kama injini ni zilezile, kwa nini niende harusini na khanga wakati gauni lipo?"

"Wewe unakwenda harusini, mwanangu. Mimi nakwenda Singida."

"Mbona GT ziliuzwa chache, mpaka kiwanda kikaziacha mwaka uliofuata?"

"Hata walimu wazuri ni wachache," alijibu, akaongeza sukari.

Wanafunzi walipoomba boneti ipakwe nyeusi, alikataa. Mach 1 ilitoka kwa umbo moja tu, lile ambalo paa lake linateremka hadi mkiani. Paa la gari letu linakatika nyuma ya viti. Mach 1 haiwezi kuwa. Na kifuniko kinasema GT, basi ni GT. Kila darasa lilifundishwa hivyo, likahitimu hivyo.

Mwaka huu chuo kiliamua kulipeleka gari kwenye maonyesho ya Nane Nane, Nzuguni, liwe kazi ya mwisho ya Mwalimu. Bango kubwa likachapishwa: MUSTANG GT 1969, KAZI YA MWALIMU ANUARI. Wiki moja kabla, Shamila na wenzake wakikwangua rangi ya zamani chini ya boneti, namba ya gari iliyogongwa kiwandani ikajitokeza kwenye bati. Ndani ya namba ile mna herufi inayotaja injini iliyofungwa kiwandani.

"Mwalimu, njoo uone cheti cha kuzaliwa cha mtoto wako," Shamila aliita, akidhani anampa zawadi.

Mwalimu aliinama, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Herufi ilikuwa T, yaani silinda sita, injini ndogo kuliko zote mwaka ule. GT haikuwahi kutoka kiwandani na injini hiyo. Kuna mtu aliyeweka injini kubwa iliyomo sasa, akafunga na kifuniko, na miaka yote hii chuo kizima kilikuwa kinafundishwa na kifuniko.

Pale karakana hakuna mwingine aliyejua kuisoma herufi ile. Angeweza kuagiza ipakwe rangi. Badala yake alisubiri saa nne, kila mtu akiwa na kikombe mkononi, akasimama.

"Nimewafundisha jambo lisilo kweli. Gari letu ni Mustang ya kawaida, daraja la chini kabisa. Waliokwisha kuhitimu, wapigieni simu."

Mkuu wa Chuo, Bi. Emiliana, alimkumbusha kwa upole kwamba bango limeshachapishwa, na kwamba wageni wa Nane Nane hawafungui boneti.

"Wageni hawatafungua, Mkuu," Mwalimu alisema, akiwaonyesha wanafunzi. "Hawa wameshafungua."

Bi. Emiliana akamtuma Batholomeo wa stoo alete utepe. Herufi za GT kwenye bango zikazibwa.

"Basi Mwalimu, tumetoka sare," alisema Shamila.

"Sare wapi? Hamkufunga goli. Mimi nimejifunga."

Kule Nzuguni utepe ule ulivuta watu kuliko gari. Kila aliyepita aliuliza kilichofichwa, na kila aliyeuliza alifunguliwa boneti na kuonyeshwa herufi. Mzee mmoja kutoka Kongwa alisikiliza hadi mwisho, akauliza, "Kwa hiyo ni la kawaida tu?" Mwalimu akaliwasha. Mzee akarudi nyuma hatua kadhaa, akasema la kawaida hilo linamtosha. Bi. Emiliana ameagiza bati lile lisipakwe rangi kamwe, na somo la kwanza la wanafunzi wapya lianzie hapo.

Kifuniko kiling'olewa, kikabaki bila gari. Wanafunzi walikisugua kikang'aa, wakamkabidhi Mwalimu. Kesho yake alifika na pikipiki yake nyekundu, ile anayokuja nayo kila siku kutoka Chang'ombe, kifuniko kikiwa kimefungwa kwa bolti nyuma ya kiti. Juu ya herufi alikuwa amebandika utepe. Alisema pikipiki hii anaijua tangu ikiwa mpya, na si GT.

Wanafunzi wamelijadili hilo wakati wa chai, pande zote mbili, na kwa mara ya kwanza wamekubaliana: pikipiki si GT, ila mwenye pikipiki ni GT. Leo baada ya hotuba, Mwalimu atakapokuwa ameshakaa kwenye pikipiki, Shamila ataubandua utepe.

Mwalimu Anuari, asante kwa yote. Mungu akupe afya, familia ifaidi kukuona mchana, na barabara ya kwenda Chang'ombe iwe laini siku zote.