Daktari Bingwa Akosa Swali la Nne

Ndani ya treni ya asubuhi, fundi cherehani alikuwa akichungulia simu ya jirani yake, daktari bingwa wa maumivu ya kichwa aliyekuwa akisoma kozi mtandaoni. Swali la nne liliuliza: mgonjwa anameza dawa za maumivu kila siku na kichwa kinazidi kuuma, asaidiwe vipi? Bingwa akabonyeza "aongezewe dozi". Kioo kikawaka chekundu: dawa zenyewe ndizo zinazomuumiza.

Fundi akakumbatia mkoba wake wenye paketi tatu za dawa za maumivu. "Weee! Huyo ni mimi, mwaka wa sita huu! Na wewe umekosa?"

"Dada, ndiyo maana tunasoma."

"Mnasomea kwenye vichwa vyetu?"

Treni ikasimama. Daktari akainuka. "Nina wagonjwa ishirini wananisubiri."

"Basi kimbia, kaka, kabla hawajameza za leo!"