Akidi Itatimia Mazikoni

Sogeeni, wanangu, na wewe kitinda mimba acha kunipepea, siungui. Nyumba ni ya mama yenu maadamu yu hai, shamba mnaijua mipaka yake, na juu ya hayo sitaki kesi. Kilichobaki ni kile kiti cha uenyekiti kwenye bodi ya shule ya watoto viziwi, na hicho, mwanangu wa kwanza, hukirithi. Usinune. Jana nimemsikia Katibu akikunong'oneza hapo mlangoni, "Kaka, utatushika mkono, kwa heshima ya Mzee." Heshima gani? Bodi yangu ni ya watu wema, hamna mwizi hata mmoja; tumechoka tu, na uchovu wetu tukauita uzoefu. Tunaongoza shule ambayo hakuna mjumbe anayeweza kumsalimu mtoto kwa ishara. Walimu wameondoka huku sisi tukisubiri akidi, tujadili kwa nini wanataka kuondoka. Mzee Udhuru, kama mama yenu alivyombatiza, kila kikao hupiga simu: "Mwenyekiti, niko njiani." Njia hiyo sijui inaelekea wapi, maana hajafika hadi leo.

Ila msiba hawakosi. Siku ya kunizika watakuja wote, wamenyoosha nguo, na akidi itatimia. Msiwaache waondoke. Mkishanifukia, kabla ya chakula, maana wakishakula hamtawapata, wewe binti yangu usiyeogopa mtu wakalishe uani, Makamu afungue kikao. Nimeshamwambia, akalia, akakubali. Hoja ni moja: sote tunaachia viti, mimi nikiwa nimeonyesha mfano. Wakisema si wakati wake, waulizeni wakati wake ni lini, kisha mnyamaze wajibu. Wachaguliwe wapya, kwa muda wenye mwisho. Awemo mama mwenye mtoto pale, awemo yule fundi cherehani aliyesoma pale, na mkalimani wake. Wazee wenzangu msiwatukane. Walitoa walichokuwa nacho, enzi walipokuwa nacho.

Nawe, mwanangu wa kwanza, wakikutaja jina, simama ukatae. Ukitaka kuwafaa wale watoto, kajifunze kwanza kuongea nao.

Nipeni maji... yanatosha. Radhi zangu mnazo, nyote, Mungu asiwatenganishe, awape moyo wa kuondoka mahali mngali mnapendwa... Lete mkono, wewe uliyenuna. Niambie utakataa. Sikusikii, baba... kwa sauti... Haya. Haya, mwanangu.