Upande wa Kushoto wa Albano

Kijiwe chetu kiko Tabata, kwenye benchi refu mbele ya duka la Hilal, ambaye tunamwita Bei Moja kwa sababu hajawahi kumpunguzia mtu hata kiberiti. Hapo tunakunywa kahawa chungu na kashata, na kila mtu ana shahada ya kubisha. Asubuhi hiyo tulikuwa tunamsubiri mwenzetu Albano, mchongaji wa vinyago, aliyepigwa na kiharusi kabla ya mfungo. Macho yake mazima, yamepimwa. Ila kitu chochote kikiwa kushoto, kwake hakipo. Anakula nusu ya sahani halafu analalamika njaa. Anachonga uso wenye jicho moja na sikio moja, anausifia kwamba umekamilika. Alikuwa amekwenda kwa watu wa utafiti wa ubongo. Wakimkubali watamfundisha kuona upya, na huenda akarudi kwenye patasi yake. Wakimkataa, ndiyo basi tena.

— Ubongo wake umedeka tu, akaanza Bei Moja. Miaka yote tunausifia, Albano una kipaji, Albano una kipaji. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

Revelian, fundi kompyuta tunayemwita Profesa, akacheka kwa dharau.

— Sio hivyo, braza. Yule binti wa utafiti, Noela, kanieleza. Ubongo uko gizani ndani ya fuvu, hauoni kitu. Unakisia tu kilichopo nje, halafu macho yanausahihisha. Wenyewe wana programu kwenye kompyuta inakisia hivyohivyo.

— Kwa hiyo hapa mie nakukisia? akauliza Bei Moja.

— Unanikisia.

— Basi nimekosea sana, maana naona mtu mwenye akili.

— Kama ni kukisia, nikasema mie, ubongo wa Albano umehama. Chumba cha kushoto kimekatwa umeme, mpangaji kahamia cha kulia.

— Ni majini hao, akasema Bei Moja. Kule shambani kwake Kimbiji alikata mpingo bila kuomba ruhusa. Wenye mti wamejilipa nusu ya dunia yake.

— Na kama Albano ndo mzima? akauliza Profesa. Labda kushoto hakupo kabisa, sie tumedanganywa na wazazi wetu.

Tukacheka, kisha nikakasirika. Mtu mzima amepoteza nusu ya dunia, na sisi tunatafuna kashata.

Bajaji ikasimama. Noela akashuka, kamshika Albano mkono. Tukampokea kama kawaida yetu, tukamkalisha mwisho wa benchi, ukuta kushoto kwake, sisi sote kulia. Bei Moja akamwekea kikombe kuumeni. Noela akatutazama.

— Shikamooni wazee. Huwa mnakaa hivihivi?

— Marahaba. Kila siku, akajibu Bei Moja kwa fahari. Kikombe kuume, salamu kuume. Kumpa mtu kitu kwa kushoto si adabu, na huko haoni. Ya nini kumsumbua?

— Na nyumbani?

— Vilevile. Mkewe, Filomena, tumemfundisha sie. Hata kitanda tumekigeuza.

Noela akakiangalia kile kikombe kilichowekwa kuumeni.

— Wazee wangu, ubongo unajifunza ukikosea. Alitakiwa akikose kikombe, akitafute, ageuze shingo. Ile miezi ya mwanzo ndiyo ilikuwa ya kujifunza haraka. Nyie mmempangia dunia isiyo na kushoto, na kila siku ubongo wake ukaambiwa umepatia.

Nikakiweka kikombe changu chini. Tulimpenda yule mtu. Tulidhani tunamstahi.

— Sasa wamemkubali au hawajamkubali? akauliza Profesa.

— Wanasubiri jibu moja. Kule alishikwa na woga, nikaomba nimuulize akiwa na watu wake. Akilijua, kesho anaanza mafunzo.

Akauinua mkono wa kushoto wa Albano, akaulaza juu ya paja la kulia, pale anapoona.

— Mzee Albano, huu mkono wa nani?

Albano akautazama kwa makini, kama anavyochagua gogo. Ulikuwa na makovu ya patasi hadi kwenye kucha. Moyo wangu ukawa unamwomba aseme.

— Wa Hilal, akasema. Hilal, toa mkono wako bwana, unanielemea.

Bei Moja akainua mikono yake mbele ya uso wa rafiki yake.

— Yangu hii hapa, ndugu yangu. Yote miwili.

Albano akaitazama ya Hilal. Akaitazama ya Profesa, akaitazama yangu. Kisha akarudi kwenye ule uliolala pajani, na kwa mara ya kwanza tangu augue nikamwona ameogopa.

— Sasa jamani, akasema kwa sauti ya chini, mwenyewe yuko wapi?