Ilikubaliwa Lifti Ishughulikiwe

Nje ya lango la ofisi ya Ushirika wa Magunia, hapo Kolkata, kuna benchi chini ya turubai la Haru muuza chai, na benchi hilo linafanya kazi kuliko ofisi yenyewe. Makarani hushuka asubuhi kunywa chai ya kikombe cha udongo, na mchana bado wanaipuliza ipoe. Siku hiyo chai ya Ghontu ilishapoa yenyewe. Ghontu ndiye mwandishi wa vikao, mwenye hati nzuri na adabu kupita kiasi: katika kumbukumbu zake zote hutakuta jina la mtu, maana jina huudhi. Kila kitu "kilikubaliwa". Sasa lifti ilikuwa imemfungia bosi ndani asubuhi nzima, naye alipotolewa, jasho likimchuruzika, akataka kumbukumbu za kikao cha lifti mezani kwake leo hii, zionyeshe nani alipewa kazi ya kuitengeneza. Mwenye jina atahamishiwa ghala la mbali la Siliguri; lisipokuwepo jina, aende Ghontu mwenyewe, amwache mama yake mgonjwa na majirani.

— Kwani uliandika nini? akauliza Bhombol, aitwaye Jaji kwa kuwa aliwahi kuitwa mahakamani kutoa ushahidi wa baiskeli.

— "Ilikubaliwa kwamba lifti ishughulikiwe."

— Safi. Tatizo liko wapi?

— Nani aishughulikie, Jaji?

— Hilo si la mwandishi. Ukiandika majina unaharibu kikao cha watu.

Poltu wa masjala akajisogeza, mdomo umejaa singara, ile sambusa ya viazi.

— Sikiliza, mdogo wangu. Andika kila kitu. Nani alikohoa, nani alipiga miayo, nani aliomba dirisha lifungwe. Bosi akifika ukurasa wa tatu, anakoroma.

— Huyu hakoromi leo, kaka. Ana hasira.

— Basi kosa lako ni kuandika baada ya kikao, akasema Jaji. Ofisi ya mjomba wangu waliandika kabla. Kumbukumbu zikatoka nzuri mpaka wakaona kikao hakina haja, wakakifuta.

— Acha kunizingua, bwana. Mimi nahamishwa.

Jaji akanywa chai, akawaza, na alipoinua uso Ghontu aliona balaa linakuja.

— Mwandike marehemu Nibaran.

— Nibaran wa hesabu? Si alikufa kabla ya kikao?

— Ndiyo maana hajaitengeneza. Na marehemu hahamishwi.

Poltu alicheka mpaka singara ikamtoka. Haru naye, aliyekuwa akikoroga chai, akasema wazo lina akili. Ghontu hakucheka. Alimfikiria mama yake, akatoa kalamu na karatasi ya kumbukumbu, akaandika jina la Nibaran pembeni ya neno "lifti".

Ndipo mama mmoja wa sari nyeupe akasimama mbele yao, mkoba kwapani, akijishika goti.

— Wanangu, nimekuta lango la lifti lina kufuli. Mimi mke wa Nibaran wa hesabu. Nimeitwa kwa mafao yake, ghorofa ya nne. Hii lifti anaitengeneza nani?

Haru akainamia sufuria. Jaji akatazama juu kana kwamba jibu liko kwenye turubai.

— Mama, suala hilo lilikubaliwa, akasema.

— Sawa. Nani?

Poltu akakumbuka faili aliloacha wazi. Jaji akakumbuka kwamba Poltu hawezi kulifunga peke yake. Wakaondoka wote wawili, wakapanda ngazi haraka kuliko walivyowahi kupanda.

Ghontu alibaki ameifunika karatasi kwa kiganja. Aliona aibu, aibu ya kweli, ya kumtwisha maiti kazi mbele ya mjane wake. Akalikata jina la Nibaran, mistari miwili, na chini yake akaandika la kwake. Siliguri ikamjia akilini, na mama yake.

— Ni mimi, mama, akasema. Ninaishughulikia mimi.

Mama akamtazama toka juu hadi chini, akamtupia mkoba mapajani.

— Haya, fundi. Nibebee huo, na unipe bega. Ghorofa ni ya nne.