Mzao wa Mwisho wa Mtasema

Pale mtaani Mtanda, ukishapita duka la kona, kuna gogo la mkorosho kando ya barabara, na gogo hilo lina wenyewe. Hussen muuza kahawa huja na birika lake na kashata baada ya alasiri. Fidelis wa bodaboda anaitwa Breki, kwa sababu hana. Edwin ni Daktari: aliwahi kufagia ofisi moja ya mifugo, na cheo hajakivua mpaka leo. Halafu Mzee Likwata, mwindaji wa kule juu Umakondeni, aliyeletwa mjini na mwanawe baada ya nyonga kumgomea. Leo kaja na tenga lenye watoto watano wa mbwa, na mama yao, Mtasema, kajilaza miguuni pake. Mkwewe Magdalena amekata neno: abaki mmoja, wengine wagawiwe leo leo. Mmoja tu, jamani! Na Mtasema kikongwe yule hazai tena. Likwata akikosea kuchagua, ukoo wa mbwa wawindaji umekwisha.

— Wafungue midomo, akasema Daktari. Mwenye kaakaa jeusi ndiye mwindaji. Kitaalamu kabisa.

— Utaalamu wa ufagio! Breki akadakia. Mbwa unamnyanyua kwa ngozi ya shingo. Akilia, huyo wa kulinda kuku.

Akawanyanyua mmoja mmoja. Wote wakalia.

— Haya, mzee, kafuge kuku, Breki akahitimisha.

— Nyie hamjui kitu, akasema Hussen, huku kakusanya kanzu asiguswe. Unasaga nyigu kwenye ugali, unampa. Akikua anauma kabla hajakasirika.

— Umewahi kufuga mbwa wewe?

— Mimi? Akinilamba nioshe mara saba, moja kwa udongo! Lakini wahenga walisema, mkono mtupu haulambwi.

— Masasi kuna mbwa kazaliwa na fisi, Daktari akaongeza. Anawinda peke yake, nyama anaigawa mafungu, la mwenye shamba analiweka mlangoni.

— Huyo cha mtoto, akasema Breki. Wa shemeji yangu alinusa tairi, akaipata pikipiki iliyoibiwa. Ilikuwa Nachingwea!

— Kwa miguu?

— Mbwa hafi maji akiona ufuko, Breki akajibu, na hakuna aliyeelewa, hata yeye.

Likwata hakucheka. Alikuwa akimkuna Mtasema nyuma ya sikio, na moyo wake uko mbali, kwenye umande wa Umakondeni. Ee, alikuwa mbwa huyu! Jina alimpa kwa ajili ya majirani waliosema Likwata kajaza mbwa nyumba nzima. Alipoanza kuokoa mihogo yao kutoka kwa nguruwe, wakasema kweli, ila kwa sifa.

— Hebu tuambie, mzee, ulimfundishaje? Hussen akauliza.

— Kuwinda kanga nilimfundisha kwa yai. Anabeba yai mdomoni, analeta mkononi. Marehemu mke wangu alinuna mwezi mzima, mayai yakipasuka. Siku alipolileta zima, mke wangu mwenyewe ndiye aliyepiga vigelegele.

— Na nguruwe?

— Nguruwe sikumfundisha mimi. Alimfuata mama yake porini, na mimi nyuma yao. Mbwa hafundishwi amekaa. Anafuata.

Hapo akapita Salome, mpangaji mpya wa nyumba ya pili, kaja kununua kashata.

— Shikamoo, mzee.

— Marahaba, mwanangu.

Akachungulia tenga, akatabasamu. Akasikiliza kidogo habari za kaakaa na nyigu.

— Sasa huyo mtakayemchagua, nani atakwenda naye porini?

Breki akaitazama pikipiki yake. Daktari akakohoa. Hussen akainamisha birika, likatoa mashapo matupu.

Likwata alitaka kusema "mimi". Alilitaka neno hilo kwa uchungu kuliko alivyowahi kutaka kitu tangu ashuke mjini. Badala yake, bila kukusudia, akagonga ulimi mara mbili, kama alivyokuwa akifanya alfajiri mlangoni kwake, akimwita mbwa waende porini.

Mtasema akainuka. Mifupa ikamlia, lakini akainuka, akawapita wanawe, akavuka barabara kuelekea kwenye mikorosho ya mlimani. Ng'ambo akasimama, akageuza shingo.

— Kulikoni? Salome akauliza.

— Ananingoja.

Likwata akapapasa fimbo yake.

— Panda nikupeleke, mzee, akasema Breki, safari hii bila mzaha.

— Huko hakuendwi kwa pikipiki. Wewe pakia tenga, ulipeleke mashambani. Wape wenye miguu ya kwenda nao porini.

— Wote? Na Magdalena kakuruhusu mmoja! Utabaki na nani?

Likwata alikwishasimama, nyonga inamchoma.

— Mimi ninaye, akasema. Si yule pale ng'ambo?

Akaanza kuvuka, polepole, na Mtasema akamngoja.