Aliyehukumiwa kwa Jina Langu

Mheshimiwa Jaji Kiongozi wa mahakama hii, waheshimiwa majaji, ndugu waendesha mashtaka na mawakili, makarani wa zamani na wa sasa, Mama Gil pamoja na wanao mlioketi hapo mbele: nawasalimu kwa heshima, kila mmoja kwa nafasi yake. Nimemwacha Karani Gil Byeong-tae awe wa mwisho kwa sababu ndiye anayestaafu leo, na ndiye aliyeniomba nisimame hapa. Nilimkatalia mara mbili.

Naitwa Pyo Mal-sun. Mimi ni mpishi wa shule ya msingi, na kijiji chetu kiko ng'ambo ya milima miwili kutoka hapa. Wengi wenu mnajiuliza mpishi ana nini cha kusema katika ukumbi huu. Mwaka 1991 mahakama hii ilimfunga Pyo Mal-sun miezi minane kwa wizi wa hariri za harusi katika duka moja la soko lenu. Na miezi hiyo yote mimi nilikuwa nyumbani, nakatakata figili pamoja na mama.

Nilijuaje? Nilikuwa nimefaulu mtihani wa kazi ya posta. Nilikuwa na miaka ishirini na saba, na jirani zetu walishaanza kuniita Bibi Posta kwa utani. Mwezi wa Novemba ikaja barua: hatuwezi kukuajiri, kwa kuwa unatumikia kifungo. Niliisoma nikiwa nimesimama uani, nimevaa viatu vya mpira vya mama, mikono inanuka vitunguu saumu. Niliirudia mara nne. Kesho yake nikapanda basi, nikaja mahakamani kuuliza niko gereza gani.

Karani aliyenipokea alikuwa kijana mwembamba wa miaka ishirini na tisa. Hakucheka. Alitoa jalada, akaangalia kitambulisho changu, akaniangalia mimi, akasema, "Dada, sheria haina shida na wewe. Aliyeshtakiwa ni yule aliyesimama kizimbani, hata kama jina lililoandikwa ni la mtu mwingine. Hukumu ni yake. Haikugusi."

"Haijanigusa?" nikamwuliza. "Na hii barua?"

Hapo akafanya jambo ambalo hakulazimika kulifanya. Alisema, "Siku ya kesi jaji alipomwuliza mshtakiwa mwaka wa kuzaliwa, alisema sitini na saba. Baadaye akajisahihisha, akasema sitini na nne. Mimi ndiye niliyekuwa naandika. Nikaandika sitini na nne tu, ili ukurasa uwe safi."

Ndugu zangu, sitini na nne ni mimi. Sitini na saba ni mdogo wangu, Geum-sun. Palepale nikaelewa. Kumbe yule tuliyeambiwa yuko Daegu anashona mashati kiwandani alikuwa ndani, anaitika jina langu kila asubuhi wafungwa wanapohesabiwa. Namba yangu ya kitambulisho aliijua kwa moyo tangu utotoni. Tulikuwa tunashindana kuzikariri.

Sikumwambia karani. Nilirudi nyumbani nikamkuta mama jikoni. Nikasema, "Mama, Geum-sun amefungwa kwa jina langu." Mama hakuuliza unasema nini. Aliweka kisu chini taratibu, akasema, "Aliniandikia barua."

"Tangu lini?"

"Tangu Agosti. Mal-sun, mwanangu, sikiliza. Mwaka jana alipewa kifungo cha nje, mwaka mmoja. Wakijua ni yeye, na huo mwaka ataulala ndani. Miezi minane itapita tu. Wewe ndiye mkubwa."

"Na posta, mama?"

"Utaolewa. Mume hatauliza habari za posta."

Siku kumi na moja tulikula meza moja bila kusemezana. Je, nilikuwa na haki ya kumwongezea mdogo wangu mwaka mzima ili mimi niuze stempu? Je, yeye alikuwa na haki ya kunifanya mwizi? Wapo kati yenu wanaokata mashauri kila siku. Mimi lile moja lilinishinda. Siku ya kumi na mbili nilirudi hapa, nikamwambia Karani Gil, "Ni mdogo wangu." Akaniuliza, "Una hakika unataka niandike?" Nikasema, "Andika. Na safari hii usisafishe."

Alama za vidole zikalinganishwa. Mahakama ikasahihisha jina katika hukumu, kesi haikuanza upya, na kwa Geum-sun ule mwaka wa nje ukawa mwaka wa ndani. Kumbukumbu ya kifungo kwa jina langu ilifutwa mwezi wa Mei. Nafasi ya posta ilikuwa imejazwa tangu Januari, na mtihani uliofuata ulinikuta umri umepita.

Nilikwenda kumwona gerezani mara moja. Alikaa nyuma ya kioo, amekonda, akasema, "Dada, umekuja kuniona mimi, au kuhakikisha umerudishiwa jina lako?"

"Nimekuletea sweta."

"Mpe mama. Yeye ndiye anayesikia baridi siku hizi."

Alipotoka hakurudi kijijini. Mama alifariki mwaka 2003. Geum-sun alikuja mazishini, akaosha vyombo pamoja na wanawake wengine siku mbili, na hakunisemesha hata neno moja. Nasikia anauza samaki Pohang. Namba yake ya simu ninayo. Miaka kumi na tisa sasa sijaipiga, na sijui nangoja nini.

Nimeombwa nimsifu Karani Gil, na namsifu. Wangapi wangemwambia mwanamke mgeni kwamba kosa limepita katika mkono wao? Jalada lilikuwa safi, hakuna ambaye angejua. Nasikia baada ya hapo hakuwahi tena kuacha jibu la mshtakiwa lisiingie kama lilivyotoka mdomoni, hata la kujikanyaga, hata majaji walipomnung'unikia kwamba kurasa zake ni chafu. Waheshimiwa mlionung'unika, baadhi yenu nawaona hapa. Karibuni kijijini kwetu mle supu, sina kinyongo.

Ila lipo neno moja ambalo miaka thelathini na moja nimeshindwa kulikubali, na nalisema mbele ya makarani vijana wanaobaki. Msimwambie mtu kwamba hukumu haikumgusa. Mwambieni haikumlenga. Mdogo wangu yu hai, nami sina mdogo.

Karani Gil, nenda ukapumzike. Ulinirudishia kilichokuwa katika uwezo wako, na sikudai zaidi. Nanyi nyote mlionipa masikio yenu asubuhi hii, nawashukuru.